Kabla Hujachomeka Mzigo wa Marekani, Geuza Kitako Usome

Shikamooni wazee wetu, na nyinyi wenzangu habari za huko. Leo nina kitu kimoja tu hapa mezani: jiko la umeme la kupikia wali, hili dogo ambalo halikosekani kwenye mapipa ya mzigo yanayofungwa huku Marekani kuja nyumbani. Naligeuza. Tazameni kitakoni, hapa kwenye kibandiko cha rangi ya fedha, maandishi madogo kama ya kwenye chupa ya dawa: 120V, 60Hz, 500W. Laini hii moja ndiyo inayoamua kama mama atapika wali au atanusa plastiki inayoungua.

Umeme wa majumbani Marekani na Kanada ni volti 120. Tanzania ni 230, Kenya 240, na ukizunguka Uganda, Rwanda, Burundi hadi Kongo hutoki nje ya 220 mpaka 240. Wengi hudhani volti zikikaribia mara mbili, basi na moto utakuwa mara mbili. Sivyo. Volti zikipanda, mkondo wa umeme nao unapanda kwa kiasi kile kile, kwa hiyo ongezeko linajizidisha lenyewe: 1.9 kwa 1.9, karibu mara 3.7. Jiko hili la wati 500 ukilichomeka Dar linataka kuwa jiko la wati 1,840, na waya wake wa joto ni ule ule mwembamba.

Na fyuzi ya kwenye plagi msiitegemee. Plagi zetu za miguu mitatu kwa kawaida huja na fyuzi ya ampea 13. Jiko hili kwenye volti 230 litavuta kama ampea 8 tu. Fyuzi imetulia, ndani kunaungua. Majiko mengi ya aina hii yana fyuzi nyingine ya joto, imefichwa chini ya sahani. Hiyo ikikatika jiko linazima kimya. Kisha linapelekwa kwa fundi, fundi anairuka kwa kipande cha waya, jiko linawaka tena, na sasa halina kinga yoyote. Naomba sana, fundi akikwambia "fyuzi nimeiruka tu", usilirudishe jikoni.

Sasa adapta. Kile kidude cha elfu mbili tatu kinachopokea miguu bapa ya Marekani kikatoa miguu yetu, kazi yake ni kubadilisha umbo la plagi, basi. Volti 230 zinaingia, volti 230 zinatoka. Huu ndio mkanganyiko unaounguza vitu vingi kuliko mwingine wowote: plagi ikiingia kwenye soketi mtu anaamini umeme nao umekubali.

Kinachoshusha umeme ni transfoma. Ile ya kweli ni nzito, ina chuma na shaba ndani. Ukiinyanyua mkono unajua. Vile vyepesi vya kubebwa na wasafiri, vilivyoandikwa wati 1,600 huku vinaingia mfukoni, vingi vinakatakata umeme tu. Pasi au draya ya nywele ya kawaida inaweza kuvumilia hali hiyo, lakini chenye saketi ndani kinakufa. Kwa kupima ukubwa: kitu cha joto kiongezee robo, yaani jiko la wati 500 lipate transfoma ya 650 hivi au zaidi. Chenye mota, kama blenda ya wati 700, ipe angalau 1,400, kwa sababu mota inapoanza kuzunguka huvuta umeme mwingi kuliko ulioandikwa. Na ukimaliza, zima transfoma ukutani. Ikikaa imewashwa bila kazi inakuwa vuguvugu, na joto hilo linatoka kwenye uniti zako za Luku.

Blenda ukiipa transfoma inafanya kazi vizuri. Friji ni habari nyingine. Transfoma inashusha volti, ile 60Hz, yaani mapigo 60 ya umeme kwa sekunde, haiigusi, na kwetu umeme unapiga 50 kwa sekunde. Mota ya kompresa iliyotengenezwa kwa 60 inazunguka polepole kwa moja ya sita na inapata joto zaidi. Mashine nyingi za kufulia za zamani na feni ni vivyo hivyo. Maikrowevu nyingi zina transfoma kubwa ndani, nayo inachemka kwa sababu hiyo hiyo. Na kama saa yake inahesabu mapigo ya umeme, itachelewa dakika 10 kila saa. Kwa maoni yangu, friji, maikrowevu, pasi na jiko la wali visisafirishwe kabisa. Nauli ya mzigo pamoja na transfoma inanunua kipya Kariakoo, Dar, au mtaa wa Luthuli, Nairobi, tena chenye vipuri.

Chaja za simu na kompyuta hazina shida. Zimeandikwa 100-240V, 50/60Hz, hizo adapta tu inazitosha. Televisheni zingine ni hivyo pia, zingine ni 120 pekee, soma. Ila antena peke yake haitakuletea chaneli: televisheni za Marekani hupokea matangazo ya mfumo wa ATSC, kwetu ni DVB-T2, hivyo king'amuzi na waya wa HDMI ni lazima. Wenye ndugu Oman au Uingereza mshukuru, huko hata plagi ni yetu ile ile.

Ukitaka kukata plagi ya Marekani uweke yetu, hata kwa kitu kinachokubali 230, angalia rangi. Huko waya mweusi ndio wenye moto, mweupe ni nyutro (unaorudisha umeme), kijani ni athi (wa ardhini). Fundi aliyezoea nyaya za zamani za Kiingereza anajua mwekundu ni moto na mweusi ni nyutro, kwa hiyo ataufunga kinyume bila kusita. Mwambieni kabla hajashika bisibisi.

Na nyinyi mnaofunga mapipa huku: kama kitu ni cha 120, zungushia plagi yake utepe wa karatasi wenye gundi mpaka miguu isionekane, andika juu kwa kalamu nene VOLTI 120 TU, TUMIA TRANSFOMA. Piga picha kibandiko cha kitakoni umtumie fundi wa nyumbani kabla pipa halijafungwa.