Kabla Hujalipia Picha ya Mshipa wa Shingo

Mhadhara wa afya kwa wakazi wa Iringa mjini na vijiji vya jirani

Kamwene, ndugu zangu. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mliotoka Kalenga na Tanangozi alfajiri na baridi hii, asanteni sana kwa kuja.

Naanza na shangazi yangu. Aliishi Makambako, akiuza mahindi na viazi. Asubuhi moja amekaa na jirani yake wanakunywa chai, kikombe kikamponyoka mkono wa kushoto. Mdomo ukaenda upande, maneno yakawa mazito kama ya mtu aliyejaza ugali mdomoni. Jirani akamlaza na kumfunika kanga. Baada ya robo saa shangazi akaamka, akashika kikombe kingine, akamalizia chai yake. Wakasema ni upepo mbaya, umempitia. Siku ya tatu alfajiri upande ule wa kushoto ulikuwa umekufa, na tangu hapo hakusimama bila kushikwa mpaka tulipomzika.

Robo saa ile sijaisahau. Kitabibu huitwa kiharusi cha kupita: damu inazibwa kwenye mshipa wa ubongo kwa muda, halafu njia inafunguka na mtu anarudi kama kawaida. Hatari ya kiharusi kamili ni kubwa zaidi katika siku mbili zinazofuata. Laiti shangazi angefikishwa hospitali siku ileile, mashine ninayoifanyia kazi kila siku ingekuwa na swali la kujibu: bonge la damu lililoziba lilitoka wapi, shingoni au moyoni?

Mashine yenyewe ni hii hapa, ultrasaundi. Mzee mmoja niliyemwita chumbani aligoma mlangoni, akaniambia, “Mwanangu, hiyo si ya wajawazito?” Simlaumu, kwa sababu wengi wetu tumeijua kwa njia hiyo. Inafanya kazi kwa sauti. Sikio la binadamu linaishia mitetemo 20,000 kwa sekunde, na probu hii niliyoshika inatoa mamilioni. Sauti inaingia mwilini kwa mwendo wa mita 1,540 hivi kwa sekunde, inagonga ukuta wa mshipa, inarudi, na mashine inachora picha kutokana na muda wa kwenda na kurudi. Haina mionzi kama ya eksirei. Mwaka 1953, kule Lund nchini Sweden, daktari Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliazima kifaa cha kukagulia vyuma kutoka karakana ya meli ya Malmö, wakakielekeza kwenye kifua cha mtu. Kipimo tunachokiita eko, yaani ultrasaundi ya moyo, kilianzia hapo.

Sasa tuje shingoni. Weka vidole pembeni mwa koo, utasikia mapigo. Huo ni mshipa wa karotidi, mmoja kila upande, na ndiyo njia kubwa ya damu kwenda sehemu ya mbele ya ubongo. Chini kidogo ya taya unagawanyika mara mbili, na kwenye panda hiyo lehemu hupenda kujikusanya, ikakomaa na kuwa gamba, mfano wa gamba linaloshika ndani ya birika. Likipasuka, kipande au bonge la damu linapanda juu na kuziba mshipa wa ubongo.

Wenye vinyungu, zile bustani za mabondeni, mtanielewa upesi hapa. Mfereji ukiwa mpana maji yanatembea taratibu. Udongo ukiporomoka yakabanwa, pale penye kubanwa yanakwenda mbio. Damu nayo ni hivyo, na mashine inapima mbio hizo. Zikifika sentimita 125 kwa sekunde tunafikiria kwamba nusu ya njia imebanwa. Zikipita 230, imebanwa kwa asilimia 70 au zaidi. Kwa mtu ambaye tayari amepata kiharusi cha kupita kutokana na mshipa huo, namba hiyo ni nzito mno, maana ndipo upasuaji wa kusafisha karotidi unapoonyesha faida kubwa.

Nasisitiza hayo maneno: ambaye tayari amepata dalili. Kwa sababu kuna jambo limekuwa likiniuma. Wanapita watu na mashine za kubeba mkononi, siku ya gulio, wanawauzia wazima picha ya mshipa wa shingo. Mwanamume mmoja wa makamo alinijia na karatasi yao imeandikwa kwamba mishipa yake ni safi. Alikuwa amefurahi, na kwa furaha hiyo alikuwa ameacha vidonge vya presha. Tulipompima mkono tulikuta 190 kwa 110.

Karatasi ile haikusema uongo. Shingo yake kweli ilikuwa safi. Lakini presha hufanya kazi yake mbaya zaidi ndani kabisa ya ubongo, kwenye vijishipa vyembamba kama uzi. Vinakakamaa, vinaziba, au vinapasuka na damu kumwagika. Hakuna ultrasaundi ya shingo inayoviona. Na hapa kwetu Afrika, viharusi vya damu kumwagika vinachukua sehemu kubwa kuliko Ulaya, na presha isiyotibiwa ndiyo chanzo kikuu. Kwa hiyo mtu wetu anaweza kuwa na karotidi safi kama ya kijana na bado akaanguka shambani kesho.

Kuna kipimo kingine cha shingoni ambacho wauzaji hao wanakisifu sana, unene wa ukuta wa mshipa. Mwaka 1986 Paolo Pignoli na wenzake wa Italia walionyesha kwamba ultrasaundi inaweza kupima tabaka mbili za ndani za ukuta wa ateri. Ilikuwa kazi nzuri, na iliwasaidia watafiti wengi. Kwa kawaida unene huo hauzidi milimita moja, na unaongezeka na umri. Shida ni kwamba tofauti ya sehemu moja ya kumi ya milimita inaweza kumhamisha mtu kutoka kundi hili kwenda lile, na mimi nikiinamisha mkono kidogo tu namba inabadilika. Mwaka 2013 vyama viwili vikubwa vya moyo vya Marekani vilishauri kwamba kipimo hicho kisitumike kama utaratibu wa kawaida wa kukadiria hatari ya mtu. Umri wako, presha, sukari, lehemu na sigara vimeshasema karibu yote ambayo unene ule ungesema.

Ukiniuliza ni wapi ultrasaundi inatufaa zaidi sisi wa nyanda za juu, nitakuelekeza kifuani.

Mmewaona vijana wa mbao kule Mafinga, jinsi mikono ilivyotuna kwa kubeba. Moyo nao ni msuli. Ukisukuma damu dhidi ya presha kubwa mwaka hadi mwaka, ukuta wa chemba ya kushoto unanenepa. Ukuta wa kawaida ni milimita 6 hadi 10. Nimepima wa milimita 15 kwa mtu aliyeniambia hana tatizo lolote, anachoka tu akipanda mlima. Tofauti na mkono wa kijana yule, unene huu si nguvu. Moyo unakakamaa, unashindwa kulegea na kujaza damu, na mwishowe unachoka. Picha hiyo mara nyingi ndiyo inayomfanya mgonjwa aamini kwamba presha anayo kweli hata kama kichwa hakimuumi. Wengi wanaacha dawa kwa sababu wanajisikia vizuri. “Nimemaliza dozi, daktari.” Presha haina dozi ya kumaliza kama malaria, ndugu zangu. Namba ikishuka ni dawa inafanya kazi, na ukiiacha itapanda tena.

Halafu kuna vijana. Akija mama wa miaka 28 amepooza mkono wa kulia na hawezi kusema, mimi siendi haraka shingoni. Naangalia vali, yaani milango ya moyo. Mtoto akiugua koo la bakteria lisitibiwe, mwili unaweza kuja kushambulia moyo wake mwenyewe, na miaka mingi baadaye vali ya kushoto inabaki imeshikana. Mlango uliotakiwa kufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6 unabaki na moja. Damu inarundikana nyuma yake, chemba ya juu inavimba, mapigo yanapoteza mpangilio, na damu iliyotuama inaganda. Bonge likitoka pale linapanda moja kwa moja kichwani. Wengi hugundulika wakati wa ujauzito, kwa sababu ndipo moyo unapolemewa, na watu wanadhani ni uchovu wa mimba. Eko ya dakika ishirini inaliona hilo kabla ya kiharusi. Yupo wa kupewa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, yupo wa kupanuliwa vali, na aliye mdogo anachomwa penisilini kila wiki 3 au 4 ili moyo usishambuliwe tena. Kwa hiyo mama, koo la mwanao lenye homa usilitibu kwa asali peke yake. Nakuomba sana.

Niwataje pia watoto wenye selimundu. Kwao ultrasaundi inapitishwa kwenye panja, pembeni mwa jicho, kusoma mbio za damu ndani ya fuvu. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 1998 ulionyesha kwamba mtoto ambaye mbio zake zimefika sentimita 200 kwa sekunde, akiongezewa damu mara kwa mara, hatari yake ya kiharusi inapungua kwa zaidi ya asilimia 90. Sijui mahali pengine ambapo mashine hii inaonya mapema namna hiyo.

Sasa mama yangu wa kitenge cha njano, umejitolea, asante. Panda hapa kitandani. Tutazima taa za mbele ili wote waone kwenye ukuta. Jeli ina ubaridi kidogo, usishtuke. Utasikia sauti kama ya upepo unaopita kwenye misonobari, ni damu yako hiyo. Lakini hebu ngoja kwanza. Kaa wima, egemea mto, miguu yote miwili ikanyage chini, usiongee, upumzike dakika tano. Sista, lete mashine ya presha, anza na mkono wa kushoto.