Nani Mwenyeji, Nani Mgeni: Kuzuru Hifadhi za Visiwani

(Mhadhara kwa walimu walezi wa klabu za mazingira, Mwanza)

Mwangaluka, walimu wangu. Naona wenzetu waliohamia kutoka Pwani wanatazamana. Ni salamu ya asubuhi tu, itikieni "mhola" tuendelee.

Nianze na kosa langu. Miaka ile nafundisha jiografia nilipeleka wanafunzi kama 40 kisiwani Saanane, hapa Mwanza ndani ya Ziwa Victoria. Kuvuka ni dakika chache, hata hujamaliza kufunga jaketi okozi vizuri umefika. Tulipotia mguu nchi kavu tu, swali la kwanza: "Mwalimu, simba yuko wapi?" Basi nami nikaanza kuhangaika kama mtu aliyepoteza funguo. Tukazunguka mbiombio, mawe tunayapanda na kuyashuka, kelele hadi upande wa pili, na kila kiumbe chenye masikio kikajificha. Tuliambulia swala wachache na migongo ya pimbi. Wakati wa kurudi watoto wakasema kisiwa hakina kitu. Nikawaitikia.

Sisi watu wa Mwanza tumezoea kwamba kuona wanyama ni kupanda gari, kushika barabara ya Musoma hadi lango la Ndabaka na kuingia Serengeti, ukarudi na vumbi na picha ya simba. Nendeni, sina ugomvi na Serengeti. Ila ukienda kisiwani na swali la Serengeti utarudi mikono mitupu. Mimi siku hizi nawapa watoto swali jingine: katika hawa unaowaona, nani mwenyeji na nani aliletwa? Daftari inakunjwa katikati, upande huu wenyeji, upande ule wageni.

Saanane yenyewe imebeba jina la mtu, mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi na kulima pale. Mwaka 1964 kisiwa kikafanywa bustani ya wanyama, ya kwanza ya serikali nchini. Wanyama waliletwa kwa maji, na mojawapo ya kazi za kisiwa ilikuwa kuwahifadhi wale waliokuwa njiani kwenda Rubondo, kisiwa kingine cha ziwa hili nitakachokifikia. Stendi ya kubadilishia mabasi, tuseme. Mwaka 2013 ikawa hifadhi ya taifa, kilomita za mraba 2.18 tu, tena hapo maji yamehesabiwa. Hakuna hifadhi ya taifa ndogo kuliko hiyo Tanzania.

Sasa mwenyeji nani? Msikimbilie mnyama mkubwa. Kaeni juu ya jiwe, jua la saa tatu limeanza kulipasha, nyamazeni. Atatoka mjusi dume, kichwa na mabega mekundu, kiwiliwili cha buluu, anapiga pushapu kama askari kuruta. Huyo wanasayansi wanamwita Agama mwanzae, yaani jina la jiji letu liko kwenye vitabu vya dunia kwa sababu ya mjusi tunayemrushia mawe uani. Niliwahi kuona watalii wamesafiri nusu ya dunia wamelala kifudifudi wanampiga picha, na kijana wa hapa Kirumba anawacheka. Pimbi naye mwenyeji, kenge mwenyeji, na fisi maji, mkibahatika kumwona akipasua samaki ukingoni asubuhi.

Rubondo ndiyo habari kubwa, nitakaa hapo kidogo. Kisiwa kiko upande wa kusini magharibi mwa ziwa, mkoa wa Geita. Kuanzia Juni 2025 daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, kilomita 3 juu ya maji, kwa hiyo ile foleni ya kivuko iliyokuwa inakula nusu siku imebaki hadithi. Mnapita Sengerema na Geita, mnateremkia Nkome au mnasogea hadi Kasenda huko Chato, halafu boti. Hifadhi ilitangazwa mwaka 1977, ina kilomita za mraba zipatazo 457, na karibu nusu yake ni maji. Maji hayo si ya kujazia hesabu. Ni mazalia ya samaki, uvuvi ni marufuku, na samaki anayekulia mle hajui mpaka. Akitoka nje anaingia kwenye wavu wa mvuvi wa Nkome.

Wenyeji wa Rubondo ni kiboko, mamba, pongo, tumbili, na juu ya wote nzohe. Nzohe ni swala wa majini. Kwato zake ni ndefu na zinatanuka, hivyo anatembea juu ya matete yaliyolala bila kuzama, na akiona hatari anajitumbukiza akabakiza pua. Mkimtafuta kwa kelele mtaona matete yanatikisika, basi. Juu ya miti yuko furukombe, yule tai mwenye kichwa cheupe ambaye sauti yake inafika kabla hujamwona.

Wageni sasa. Miaka ya 1960 Profesa Bernhard Grzimek wa Ujerumani, yule aliyejulikana sana kwa mambo ya Serengeti, pamoja na idara ya wanyamapori waliona kisiwa hiki hakina simba wala chui, kimezungukwa na maji, basi kinafaa kuwa kimbilio. Wakavushwa faru weusi 16. Wakaja twiga, mbega, korongo (yule swala mkubwa, si ndege), na baadaye tembo. Kati ya 1966 na 1969 wakaletwa sokwe 17 kutoka Ulaya, kwenye bustani za wanyama na sarakasi. Fikirini sokwe aliyekamatwa mdogo Afrika Magharibi, akafungiwa Ulaya miaka, amelishwa kwa mkono, halafu siku moja boksi linafunguliwa ufukweni kwa Wasukuma na Wazinza na kuambiwa: haya, msitu huo. Hakuna aliyewafundisha tunda lipi linalika. Baadhi walikuwa wakorofi, walishambulia watu. Lakini walijifunza wenyewe, wakala matunda ya mwituni, wakajenga viota mitini kama sokwe wengine, wakazaa. Leo ni makumi kadhaa, na wengi wao hawajawahi kuona tundu.

Faru hawakupata bahati hiyo. Waliisha, majangili waliwamaliza, na korongo pia hawapo. Maji yanamzuia simba, hayamzuii mtu mwenye mtumbwi na bunduki. Hili waambieni watoto waziwazi, wasidhani kila kinacholetwa hustawi.

Na upande wa wenyeji msisahau kuandika watu. Kulikuwa na familia za wavuvi Rubondo, zikahamishwa kwenda visiwa vya jirani na nchi kavu ili wanyama wapate nafasi. Mtoto akiuliza kama ilikuwa haki, msimkatishe. Mimi mwenyewe nikisimama kwenye ule msitu nafurahi kwamba upo, na bado swali lile linanikaa kooni.

Kuna binti mmoja alinikamata kwa daftari hilihili. Aliuliza sangara aandikwe wapi. Sangara! Samaki anayelipa ada za shule za nusu ya jiji hili. Nikamwambia ni mgeni, alipandikizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, akala furu, wale samaki wadogo wenyeji wa ziwa, wa kila aina mpaka aina nyingi zikatoweka. Akafuta, akahamisha. Halafu akauliza, "Miaka yote hiyo bado mgeni?" Kengele ya boti iliniokoa.

Mambo ya safari yenyewe nayapitia haraka. Nendeni kuanzia Juni hadi Septemba, mvua imekata na njia za msituni zinapitika. Malipo hayapokelewi taslimu langoni, fanyeni mapema, na Mtanzania halipi sawa na mgeni. Nguo za rangi ya majani makavu, viatu vya kufunga. Kuoga ziwani hapana, kuna kichocho na kuna mamba.

La boti silipitii haraka. Wazazi wengi watakataa, na wana sababu. Mji huu ulizika watu wa MV Bukoba mwezi Mei 1996, na mwaka 2018 tukazika tena wa MV Nyerere pale Ukara. Mzazi akikwambia "mwanangu hapandi chombo", usimwite mshamba. Mwonyeshe majaketi mliyoyahesabu, idadi ya abiria, na saa ya kuondoka. Asubuhi ziwa limelala. Alasiri upepo ukianza, mimi mwenyewe sipandi, hata nahodha aape.

Nikomee hapo. Mama mmoja kule nyuma amenyoosha mkono tangu nilipotaja mamba. Karibu, mama.