Chai imemwagikia kompyuta mpakato: fanya hivi sasa hivi

Kama chai imemwagikia kompyuta yako dakika hii, usingoje nimalize kueleza. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie mpaka kioo kizime kabisa, sekunde 10 hivi. Usihangaike kufunga programu wala kuhifadhi kazi.

Sasa chaja. Kama waya au meza imelowa, zima kwanza swichi ya ukutani, ndipo uchomoe. Toa na flashi, kipanya, chochote kilichochomekwa.

Betri ikiwa ni ya kuchomoka, itoe. Nyingi za siku hizi zimefungiwa ndani, na hapo ndipo penye kazi: hata kompyuta ikizimwa, umeme wa betri bado unafika kwenye bodi, lile bamba la ndani linalobeba saketi, na ukikutana na maji yenye chumvi au sukari, njia za shaba huanza kulika. Kama una bisibisi yake na umezoea kufungua, ondoa mfuniko wa chini uchomoe waya wa betri. Hujazoea? Mpelekee fundi leo leo, usilale nayo.

Iweke hivi: imefunguliwa, imepinduliwa kama hema, kibodi inatazama taulo. Usiitikise, maji yatatambaa hadi mahali ambapo hayakuwa yamefika.

Ule mchele wa kuifukia kompyuta ili ikauke, tafadhali, uache jikoni. Hauvuti maji yaliyo ndani, tena unaacha vumbi na wanga. Drayer ya nywele nayo huweza kuyeyusha vitufe. Feni ya kawaida inatosha.

Maji matupu yakimwagika kidogo, ipe angalau siku mbili. Lakini chai ya maziwa, soda au juisi, kukauka si kupona. Sukari inabaki humo ikinata na kuvuta unyevu, na kwa hewa ya Tanga, Mombasa au Unguja unyevu haukosekani. Hiyo bodi lazima ioshwe kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, kwa brashi laini. Mwambie fundi ukweli wa kilichomwagika, maana ndicho kinachoamua aioshe vipi. Kama una tasnifu au picha za wazazi humo, mwombe aanze kwa kuokoa diski.

Na katika siku hizo za kungoja usiiwashe hata mara moja "kuangalia tu". Kompyuta nyingi ambazo zingepona hufia hapo.

Ikishawaka, usianze na kujaribu vitufe. Nakili mafaili yako yote kwenye diski ya nje kwanza, kwa sababu kutu huweza kuendelea kimyakimya, ikaizima wiki kadhaa baadaye.