Mkono Unapochukua Kazi ya Macho na Masikio

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Chukueni maneno matatu: fika, shika, pika. Uzeeni sauti nyembamba ndizo hutangulia kupotea, na f na sh zimo humo. Kwa mzee asiyesikia vizuri, maneno hayo hukaribia kuwa neno moja. Kinachoyatenganisha ni mdomo wa msemaji: kwa f meno hugusa mdomo wa chini, kwa p midomo hufumba. Sasa macho nayo yakipungua, msaada huo umekwenda. Ndiyo maana upungufu wa wastani wa macho na wa wastani wa masikio, vikikutana, huweza kumfanya mtu aache hata mazungumzo ya ana kwa ana. Kuongeza sauti peke yake hakutoshi. Nyumba ipangwe ili mkono uielewe.

Tuanze na vifaa vya kusaidia kusikia. Cha kulia huwa na alama nyekundu, cha kushoto ya bluu, tena ndogo mno. Bandika kipande cha plasta kwenye cha kulia, mbali na vitundu vya maikrofoni. Betri zenye kibandiko hufanya kazi kwa kuvuta hewa: ukibandua, subiri kama dakika moja ndipo ufunge kijumba cha betri. Upande wa kibandiko ni bapa, wa pili umeinuka kidogo, kidole hutambua. Kijumba kikigoma kufunga, betri imegeuka, usilazimishe. Betri mpya na bado sauti hafifu? Mara nyingi nta ya sikio imeziba tundu la sauti. Na tafadhali sana, betri zisikae karibu na dawa. Mkononi ni kama kidonge, na aliyeimeza apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Kwenye swichi ya jiko weka vitone viwili tu vya kupapasa: pa kuzima, na moto unaotumika kila siku. Vikizidi, vidole huchanganyikiwa. Kwa kinywaji cha moto, pima maji yakiwa baridi kwa kikombe kile kile, chini kidogo ya ukingo, kidole kikiwa ndani, kisha chemsha hayo tu. Hayatafurika.

Kengele nyingi za moshi hulia karibu na hezi 3,000 (hezi zikiwa nyingi, sauti ni nyembamba), sauti ile ile iliyopotea, na usiku vifaa vya masikio vimevuliwa. Tafuteni ya sauti nzito, ya hezi 520, na ikiwezekana yenye pia kitetemeshi cha kuweka chini ya godoro.

Nanyi jamaa: mkiingia, gusa bega kwanza, jitaje, na mkitoka aga. Msihamishe kiti bila kumwambia. Maneno yakishindikana, andika kwa kidole kiganjani mwake, herufi kubwa moja moja, zote katikati ya kiganja, ukitua kila neno linapoisha. Kubalianeni pia kwamba X ikichorwa mgongoni ni hatari, tunatoka sasa hivi bila maswali. Fanyeni mazoezi yake mchana, mkitembea njia yote mpaka nje, naye akiwa amekushika mkono juu ya kiwiko.