Mkono Usiosikika

Tuanze na mkono huu wa mashine ya kupigia santuri, ule unaobeba sindano, nilioutoa kwenye boksi. Uzani wa nyuma nimekwisha kuurekebisha, kwa hiyo unaelea. Hauangukii mbele wala nyuma. Sasa tazameni ninapoupuliza. Umekwenda, tena bila kushtuka. Mkono ukisitasita kwa pumzi kama hii, mjue beringi zake zina kasoro, na hapo hakuna katriji, kile kifaa kidogo kinachoshika sindano na kugeuza mitikisiko yake kuwa umeme, ya kuuokoa.

Fikirieni kazi tunayoutuma. Santuri ya mizunguko 33⅓ kwa dakika humaliza mzunguko mmoja kwa sekunde 1.8. Kwa upande wa dakika ishirini hivi, mkono husafiri kutoka kama milimita 146 kutoka katikati mpaka kwenye 60. Ni milimita nne kwa dakika, konokono angetucheka. Lakini katika mwendo huohuo wa kivivu, sindano inachezeshwa na kuta za mfuo, ule mfereji mwembamba uliochongwa kwenye santuri, hadi mara elfu kadhaa kwa sekunde, na kuna mitikisiko midogo kuliko mikroni moja, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Katriji haipimi sindano peke yake. Hupima jinsi sindano inavyosogea ikilinganishwa na gamba la katriji lenyewe. Mkono ukitikisika pamoja na sindano, tofauti hiyo hupungua, na sehemu hiyo ya muziki haifiki kwenye spika.

Kwa hiyo mkono tunautaka uwe mtiifu kabisa kwa safari ya polepole, na mkaidi kabisa kwa mitikisiko ya haraka. Na ubishi mwingi wa wapenzi wa santuri, ukiufuatilia hadi mwisho, utakuta unarudi kwenye jambo hili.

Mpaka kati ya utiifu na ukaidi upo wapi? Sindano imefungwa kwenye kijiti kinachoshikwa na mpira mdogo, na mpira huo ni springi. Ukining'iniza uzito kwenye springi, una kitu chenye mtikisiko wake wa asili. Tunautaka mtikisiko huo uangukie kati ya hezi 8 na 12, yaani mara 8 hadi 12 kwa sekunde. Sababu ni kwamba santuri iliyopinda hupandisha na kushusha mkono mara chache kwa sekunde, chini ya hapo, na muziki wenyewe huanzia kwenye hezi 20. Kati ya viwili hivyo kuna uchochoro mwembamba, na huko ndiko tunakoficha tatizo letu.

Hesabu yake si ngumu. Chukueni tungamo la mkono kama sindano inavyolihisi, mjumlishe la katriji na skrubu zake. Tuseme gramu 12, na 6, na nusu: 18.5. Zidisheni kwa unyumbufu wa ule mpira ulioandikwa kwenye karatasi ya katriji, tuseme 15. Tafuteni kipeuo cha pili, kisha mgawanye 159 kwa jibu hilo. Mtapata hezi 9.5 hivi. Safi. Sasa chukueni mkono huohuo mfunge katriji yenye mpira laini, wa unyumbufu 35. Mtashuka mpaka hezi 6 na kidogo, na kila santuri iliyopinda itatikisa koni za spika zenu kama mawimbi, hata pale ambapo hakuna besi. Mtu atasema katriji ni mbovu. Si mbovu, ameiozesha kwa mkono usioifaa.

Nije kwenye jiometri, maana hapo ndipo udanganyifu ulipo. Mashine inayochonga santuri ya kwanza kiwandani hupeleka kichwa chake kwa mstari ulionyooka, kutoka ukingoni kuelekea katikati. Mkono wetu umefungwa kwenye egemeo, kwa hiyo huchora tao. Tao na mstari ulionyooka haviwezi kulingana njia nzima. Percy Wilson, mtaalamu wa gramafoni, aliandika juu ya jambo hili Uingereza mwaka 1924. Mtafiti Löfgren akalipigia hesabu kwa kina mwaka 1938, na mtafiti mwingine, Baerwald, akafuata mwaka 1941. Dawa waliyoikubali ni mbili kwa pamoja: kichwa cha mkono kikatwe kwa pembe, nyuzi 23 au 24 kwa mikono ya kawaida ya inchi 9, na sindano ipite katikati ya santuri kwa milimita 17 au 18. Ukifanya hivyo unapata sehemu mbili ambapo katriji imenyooka sawasawa na mfuo, milimita 66 na karibu 121 kutoka katikati. Kwingine kote kuna kosa dogo.

Nikumbushe hapa kwamba umbo la mkono, liwe la herufi S au J au fimbo tupu, halibadilishi kitu katika hesabu hiyo. Pembe ya kichwa ndiyo inayohesabika. Nimeona watu wakiapa kwamba ule wa S una sauti tamu zaidi, nami huwa nanyamaza.

Kuna wanaokwenda kwenye mkono wa inchi 12 ili kupunguza kosa hilo. Linapungua kweli, ila mkono mrefu huwa mzito, na mnarudi kwenye hesabu ya springi. Wengine waliamua kuacha egemeo na kuusogeza mkono mzima kwa mstari ulionyooka, kama kampuni ya Bang & Olufsen na mashine yake ya Beogram 4000 mwaka 1972. Ni ufundi wa kupendeza, lakini katika mashine hiyo ni lazima mota na kihisio viuongoze mkono.

Ile pembe ya kichwa nayo ina deni lake. Msuguano wa mfuo huivuta sindano mbele, na kwa kuwa mstari wa mvuto haupiti kwenye egemeo, mkono husukumwa kuelekea katikati. Ndiyo maana kuna kile kikamba chenye kiuzani, au springi, cha kuuvuta nje. Ni makadirio tu, kwa sababu msuguano hubadilika kadiri muziki unavyopanda na kushuka.

Ujana wangu niliponya santuri zilizokuwa zikirukaruka kwa kubandika sarafu kwenye kichwa cha mkono. Ziliacha kuruka, nikajiona fundi. Baadaye mifuo ikaanza kukwaruza. Lakini msikimbilie upande wa pili pia: sindano nyepesi mno hupoteza mfuo, hurukaruka ndani yake na kuuchubua zaidi ya iliyozidi uzito kidogo. Pimeni kwa mizani, mkae ndani ya kiwango cha mtengenezaji, mwegemee upande wa juu.

Nyimbo za mwisho za upande ndizo zinazofichua yote, kwa sababu huko mfuo hupita chini ya sindano kwa sentimita 21 kwa sekunde, wakati ukingoni ulipita kwa 51. Mawimbi yamebanana. Sasa nitapiga wimbo huo mara mbili. Mara ya kwanza katriji nimeizungusha nyuzi mbili kwa makusudi; ya pili nitainyoosha mbele yenu kwa karatasi hii ya vipimo. Sikilizeni herufi S katika sauti ya mwimbaji. Naomba ukimya kidogo, na wa nyuma kule asiguse meza.