Ganda la nailoni: obijekti inayojifanya nyingine kwenye Python

Haya tuanze jamani, mliosimama huko nyuma sogeeni, viti vipo. Leo tunaongelea ganda, yani obijekti (kile kitu cha ndani ya programu chenye data na kazi zake) unayoivalisha obijekti nyingine halafu programu iliyobaki isishtuke kitu. Kama ubuyu kwenye nailoni, rangi unaiona yote ila mkono unagusa nailoni.

Kwenye Python, hii lugha ya kuandika programu, watu wanaona ni kazi ya dakika mbili. Unaandika klasi, yani ramani ya kuundia obijekti, ile obijekti halisi unaiweka ndani, unaongeza __getattr__ na basi, kila jina ambalo ganda halina Python inakuja kuuliza hapo, nawe unaipeleka ndani. Na inafanya kazi kweli, ukiita append ya kuongeza kitu inaenda, ukiita sort ya kupanga inaenda, unajiona fundi.

Sasa mimi niliivalisha listi ya malipo ganda la hivo hivo, nilitaka kurekodi tu nani kaita nini, na huko chini kulikuwa na mstari wa kawaida kabisa, if malipo, yani yakiwepo tuma meseji. Siku moja listi iko tupu na meseji zikatoka. Erori hamna, onyo hamna, nimekaa nayo hadi saa sita usiku.

Iko hivi. Ukiandika malipo.append Python inaiuliza obijekti yenyewe. Lakini len ya kuhesabu vilivyomo, kujumlisha, kuzunguka na for, na hiyo if, haziulizi obijekti, zinaenda moja kwa moja kwenye klasi, __getattr__ haipitiwi hata kidogo. Len angalau itapiga kelele, itatoa erori ya TypeError. If haipigi! Klasi haina methodi, yani kazi, ya __bool__ inayojibu kweli au si kweli, wala __len__ inayotoa idadi, basi jibu ni kweli, siku zote. Wazee wa Python 2 mtakumbuka zile klasi za kizamani zenyewe zilikuwa zinapitia __getattr__ hata hapo, Python 3 ilivotoka 2008 zikaondolewa.

Kwahiyo methodi hizo unaziandika moja moja kwenye klasi ya ganda. Ukiwa mvivu kama mimi, maktaba ya wrapt ya Graham Dumpleton ina ObjectProxy, kazi ishafanywa, mpaka isinstance, ile inayouliza kama obijekti ni ya klasi fulani, inadanganywa kupitia __class__. Type, inayotaja klasi halisi, ndo haidanganyiki.

Dada hapa mbele anauliza, je methodi ya ndani ikimwita mwenzake? Eeh, hapo ndo penyewe. Chukulia mlinzi wa getini anaandika wageni kwenye daftari, sasa mtu aliyeko ndani akitoka sebuleni kwenda jikoni mlinzi ataandika nini? Methodi ikishaingia ndani, self yake, yani obijekti inayojiita "mimi", ni obijekti halisi sio ganda, ikiita self.hifadhi rekodi yako haina habari. Ukitaka kuziona na hizo rithi klasi ya obijekti halisi, yani unda klasi mpya juu yake, uibadilishe methodi, ila hiyo inataka uwe wewe ndo unaiunda obijekti. Ukiletewa ishaundwa, unabaki na mlinzi wako getini.