Mtawa wa Florence katika Nchi ya Makhalifa

Mheshimiwa mwenyekiti, walimu wenzangu, wanafunzi na wageni waalikwa, asalaam aleikum, na tumsifu Yesu Kristo.

Tarehe 18 Mei 1291 mji wa Akka, ngome kubwa ya mwisho ya Wazungu wa Vita vya Msalaba katika nchi ya Sham, uliangukia mikononi mwa Sultani al-Ashraf Khalil wa Misri. Ngawira zilisambaa mashariki kwa mikono ya wafanyabiashara hadi zikafika Iraki, na huko alikuwapo mtawa wa shirika la Wadominiko, mzaliwa wa Florence huko Italia, jina lake Riccoldo da Monte di Croce. Miongoni mwa vitu vilivyokuwa vikiuzwa alikuta vazi la mtawa lililotobolewa kwa silaha, lingali na wekundu wa damu. Akalinunua. Watawa wenzake aliowaacha Akka miaka mitatu kabla walikuwa wameuawa, na yeye alibaki ugenini, peke yake, na nguo ya mmoja wao mikononi.

Alifikaje huko? Alitua Akka mwaka 1288, akazuru Galilaya na Yerusalemu, akapanda kaskazini kupitia Sivas na Erzurum mpaka Tabriz, kisha akateremka kufuata mto Tigris hadi Baghdad. Baghdad hiyo ilikuwa imetekwa na Wamongolia tangu mwaka 1258. Watawala wake wa wakati ule hawakuwa bado wameshika Uislamu, na kwa hiyo mtawa wa Kilatini aliweza kukaa mjini, kujifunza Kiarabu na kujadiliana na maulamaa bila kuwa chini ya sultani Mwislamu. Ninaomba jambo hilo lisisahaulike, kwa sababu mara nyingi tunayazungumza makutano ya Wakristo na Waislamu kana kwamba yalikuwa ya pande mbili tu, na hali chumbani alikuwamo mtu wa tatu mwenye upanga.

Riccoldo aliingia vyuoni mwa Waislamu. Anaandika kwamba yeye na wenzake walipokewa, katika vyuo na hata majumbani, kama malaika wa Mungu. Anaeleza kwamba mwalimu na wanafunzi wake wote huacha viatu nje, wakaingia miguu mitupu, wakasoma na kujadiliana kwa upole na utulivu mkubwa. Mswahili wa pwani akisoma habari hiyo hatashtuka, maana nani kati yetu aliyepata kuandika barua nyumbani kueleza kwamba chuoni watu huvua viatu? Kwa mtu wa Florence ilikuwa habari ya kuandikwa. Msafiri huandika kile asichokizoea kwao, na kwa sababu hiyo maandishi yake hutupa taarifa za miji miwili kwa pamoja, ule anaoueleza na ule alikotoka.

Anasifu sala yao, elimu yao, sadaka zao, heshima yao kwa jina la Mungu, ukarimu wao kwa wageni na mapatano yao wenyewe kwa wenyewe. Anasimulia kwamba watu huacha wasia wa fedha za kuwakomboa mateka, na kwamba hununuliwa ndege waliofungwa tunduni ili waachiwe huru. Hata mbwa wasio na mwenyewe, anasema, huwekewa fedha za chakula. Kisha anaongeza kwamba hayo yote hakuyasema sana kwa ajili ya kuwasifu Waislamu, aliyasema ili kuwaaibisha Wakristo. Mwanahistoria makini lazima asimame hapo. Sifa iliyokusudiwa kuwa fimbo ya kumchapia mtu mwingine inaweza kutiwa chumvi, na mimi sina shaka kwamba Riccoldo alitia kiasi. Lakini mhubiri anayetafuta mfano wa kuwaaibisha wenzake anaweza kuridhika na maneno ya jumla juu ya ukarimu. Hana haja ya kwenda mpaka kwa mbwa wa mitaani. Habari hiyo ina harufu ya mtu aliyekuwapo.

Na sasa upande wa pili. Baada ya kuanguka kwa Akka alitunga barua tano, ambamo anamlilia Mungu, Bikira Maria na watakatifu. Katika mojawapo anasema kwamba mara nyingi, akisoma Qur'ani kwa Kiarabu, aliichukua ikiwa wazi akaiweka juu ya altare, mbele ya sanamu za Kristo na mama yake, akamwomba Kristo asome yaliyoandikwa humo. Riccoldo akaona kama kwamba Kristo hataki kusoma. Katika maandishi ya wasafiri wa zama zile sijakutana na ukurasa mchungu kuliko huo.

Wengi hupenda kuyapanga maisha yake kama hadithi, kwamba kwanza alivutiwa na Waislamu, Akka ikaanguka, moyo ukageuka. Tarehe zinakataa. Kitabu chake cha safari, chenye sifa hizo zote, kilikamilishwa Florence alikorudi, kwenye mwaka 1300, na kitabu chake kikali cha kuupinga Uislamu ni cha miaka hiyohiyo. Sifa ziliandikwa baada ya msiba. Tofauti ninayoiona mimi iko kwenye chanzo, kwani kitabu cha safari kinategemea macho, ilhali kile cha mjadala kinachota sana katika kitabu cha Mkristo mwingine, kilichoandikwa zamani kwa Kiarabu na kutafsiriwa kwa Kilatini kabla yake.

Cha mjadala ndicho kilichotamba. Kilitafsiriwa kwa Kigiriki na Demetrios Kydones, mwanachuoni wa Bizanti, katika karne ya 14, na Martin Luther akakitoa kwa Kijerumani mwaka 1542.

Katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa mjini Paris kuna msahafu wa Kiarabu wenye maandishi ya Kilatini pambizoni, na wataalamu waliolinganisha mwandiko wanaona kuwa ni wa Riccoldo. Baadhi ya maandishi hayo yamechukuliwa kutoka tafsiri ya Qur'ani kwa Kilatini iliyofanywa na Mark wa Toledo, mji wa Hispania. Mtu aliyekwisha kukaa Baghdad, mwenye Kiarabu chake na aya mbele yake, alinyoosha mkono akachukua kwanza kitabu cha Toledo.